Ngozi Iliyoondolewa Seli: Inavyoponya Kidonda na Mahali Inapokomea

Hotuba ya elimu ya afya kwa wakazi, iliyotayarishwa kwa mabaraza ya wadi



Mada ya leo ni kidonda kisichopona. Ni vigumu kupata kijiji kisicho na mtu anayeishi nacho. Kuna mama mwenye kisukari aliyedungwa na mwiba shambani, na sasa ni miezi mguu haujafunga. Kuna mwendesha bodaboda aliyeungua mguu kwa bomba la moshi la pikipiki yake, akaona ni jambo dogo. Kuna mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto jikoni. Kidonda cha aina hiyo humaliza akiba, humtoa mtu kazini, na kikiingiwa na vijidudu kinaweza kumgharimu mguu au uhai.

Pamoja na hayo, habari za tiba moja zimekuwa zikisikika: ngozi au utando wa binadamu uliooshwa hadi ukabaki bila seli hata moja, kisha ukawekwa juu ya kidonda ili kipone. Wako wanaouliza kama ni kweli. Wako wanaouliza kama hiyo si ngozi ya maiti, kama dini inakubali, na kama haiwezi kuleta magonjwa. Na wako walio tayari kuuza ng'ombe au kipande cha shamba ili mgonjwa wao aipate, wakiamini kwamba ikishawekwa, shida imekwisha.

Maswali hayo yana majibu. Tiba hiyo ni ya kweli na ina faida. Lakini hufaulu tu juu ya kidonda kilichosafishwa na kutunzwa, na utunzaji huo huanzia nyumbani na katika zahanati, si katika chumba cha upasuaji.

KWA NINI NGOZI YA MTU MWINGINE HUKATALIWA

Ngozi ya binadamu ina tabaka mbili kuu. Tabaka ya juu ni nyembamba, nayo hujitengeneza upya kila siku. Tabaka ya chini ni nene na imara. Ndiyo inayoipa ngozi nguvu na mnyumbuko, na ndani yake mna mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Mtu akiungua kidogo, tabaka ya juu huota tena. Akiungua sana hadi tabaka ya chini ikaharibika, mwili hauwezi kuirudisha ilivyokuwa. Huziba pengo kwa kovu, na kovu likiwa kwenye kiwiko, shingo au nyuma ya goti, huivuta ngozi hadi kiungo kisinyooke.

Njia ya kawaida ya kutibu ni kuchukua ngozi nyembamba kutoka sehemu nzima ya mwili wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi paja, na kuipandikiza juu ya jeraha. Njia hii imeokoa watu wengi. Shida hutokea pale mgonjwa ameungua sehemu kubwa kiasi kwamba ngozi nzima iliyobaki haitoshi.

Kwa nini basi asipewe ngozi ya mtu mwingine? Swali hilo lilichunguzwa Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wakati majeruhi wa moto walikuwa wengi. Peter Medawar na daktari wa upasuaji Thomas Gibson walichapisha matokeo yao mwaka 1943. Waliona kwamba ngozi ya mtu mwingine hushika mwanzoni, kisha hunyauka na kubanduka. Ngozi ya mtoaji yuleyule ikiwekwa mara ya pili, hubanduka upesi zaidi. Maana yake ni kwamba mwili ulikuwa umeitambua na kuikumbuka. Utafiti wa Medawar kuhusu kinga ya mwili na upandikizaji uliendelea, na mwaka 1960 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzake wa Australia, Macfarlane Burnet.

Ngozi ya mtoaji aliyefariki bado hutumika katika hospitali kubwa za majeraha ya moto duniani, lakini kama kifuniko cha muda tu. Nchini Uholanzi benki ya ngozi imekuwapo tangu mwaka 1976, na ngozi yake huhifadhiwa katika gliserini. Hufunika jeraha kwa siku au wiki kadhaa, halafu huondolewa. Kumpa mgonjwa dawa za kupunguza kinga ili ngozi isikataliwe ni hatari, kwa sababu aliyeungua anaihitaji kinga hiyo kupigana na vijidudu.

NYUMBA IMEBAKI, WAPANGAJI WAMEHAMA

Ufumbuzi ulitokana na kuelewa jambo moja. Ngozi si seli peke yake. Ichukuliwe mfano wa nyumba ya kupangisha. Seli ni wapangaji. Kuta, nguzo na ngazi ni nyuzi zilizotengenezwa na seli hizo na kuwekwa katikati yake. Nyingi ya nyuzi hizo ni protini iitwayo kolajeni, na nyingine ni elastini, ile inayoifanya ngozi irudi mahali pake ikivutwa.

Kinga ya mwili inapoitambua ngozi ngeni, kinachoiamsha zaidi ni wapangaji. Kila seli hubeba alama juu yake, kama kitambulisho, na askari wa mwili huisoma. Kuta hazina kitambulisho cha namna hiyo. Kolajeni ya mtu mmoja inafanana sana na ya mwingine. Basi wapangaji wakihamishwa wote na kuta zikaachwa zikiwa imara, mwili wa mgonjwa hauna sababu kubwa ya kupigana nazo. Badala yake seli zake mwenyewe huingia na kukaa.

Hicho ndicho kinachoitwa tishu iliyoondolewa seli. Kinachobaki ni kiunzi. Bidhaa ya kwanza ya ngozi ya binadamu ya aina hii, AlloDerm, ilianza kutumiwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa wagonjwa waliokuwa wameungua sana. Madaktari waliweka kiunzi hicho chini, na juu yake wakaweka ngozi nyembamba sana ya mgonjwa mwenyewe. Faida yake ilikuwa kwamba paja lililotoa ngozi nyembamba hupona haraka kuliko lililotoa ngozi nene.

NAMNA INAVYOANDALIWA

Kazi hii hufanywa maabara, katika usafi wa hali ya juu. Hatua zake hutofautiana kidogo kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, lakini msingi ni ule ule.

Kwanza, mtoaji huchunguzwa. Historia yake ya afya husomwa, na damu yake hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Tishu ya mtoaji asiyepita vipimo hivyo haitumiki.

Pili, ngozi hulowekwa katika maji ya chumvi nyingi hadi tabaka ya juu ijiachilie. Kisha hupitishwa katika sabuni maalumu za maabara zinazopasua kuta za seli. Mara nyingine vimeng'enya hutumika kukatakata mabaki ya DNA.

Tatu, husuuzwa mara nyingi. Hatua hii haionekani kuwa na uzito, lakini ina uzito mkubwa, kwa sababu sabuni ikibaki ndani itaua seli za mgonjwa zinapojaribu kuingia.

Nne, hupimwa. Mwaka 2011 wanasayansi wa Marekani, akiwemo Stephen Badylak, walipendekeza kipimo ambacho wengi wanakifuata: kila miligramu moja ya tishu kavu isiwe na zaidi ya nanogramu 50 za DNA, yaani sehemu 50 tu katika kila sehemu milioni moja. Mabaki ya seli yakizidi, mwili huiona tishu kuwa adui, na kidonda huvimba badala ya kupona.

Mwisho, tishu hugandishwa na kukaushwa au huhifadhiwa katika maji maalumu, na nyingi huuliwa vijidudu kwa mionzi au kwa dawa. Hufungwa katika pakiti isiyoingiza hewa, yenye nambari yake.

KINACHOTOKEA JUU YA KIDONDA

Daktari huanza kwa kuondoa nyama yote iliyokufa hadi afikie nyama nyekundu inayotoa damu. Kisha huweka kiunzi, hukishikiza kwa nyuzi au pini, na kukifunika kwa bandeji.

Katika siku na wiki zinazofuata, mishipa midogo ya damu ya mgonjwa hupenya ndani ya kiunzi. Seli zinazotengeneza kolajeni huingia nyuma yake. Polepole seli hizo hubomoa nyuzi za zamani na kujenga zake. Baadaye kinachobaki ni tishu ya mgonjwa mwenyewe, na mara nyingi huwa laini na yenye mnyumbuko kuliko kovu la kawaida.

JE, INAZUIA MAAMBUKIZI?

Hapa inafaa kusema wazi, maana wauzaji wengine hulipindua jambo hili. Kiunzi hakiui vijidudu kama dawa inavyoviua. Husaidia kuzuia maambukizi kwa njia tatu.

Kwanza, hufunika. Kidonda kilicho wazi ni mlango, na kila siku kinapokaa wazi ni siku nyingine ya vijidudu kuingia.

Pili, huleta damu. Mishipa inapoingia katika kiunzi, huleta chembe nyeupe za damu zinazokula vijidudu, na dawa aliyopewa mgonjwa hufika mahali inapohitajika. Kitu cha plastiki kikiwekwa mwilini hakipitishi damu, na vijidudu hupata mahali pa kujificha.

Tatu, tishu nyingine zina kinga kidogo ya asili. Utando unaomzunguka mtoto tumboni una protini zinazopunguza nguvu ya bakteria. Pia uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba vipande vinavyotoka pale kiunzi kinapoyeyuka vinaweza kuzuia baadhi ya bakteria kukua.

Lakini kinyume chake ni kweli vile vile. Kiunzi kikiwekwa juu ya kidonda chenye usaha, bakteria na vimeng'enya vyake hukiyeyusha kabla seli za mgonjwa hazijaingia. Pesa zimepotea, na kidonda kimerudi pale pale. Ndiyo sababu daktari mwaminifu hukataa kuiweka tishu hii juu ya kidonda kichafu, hata kama familia imeshalipa.

UCHUNGUZI UNASEMA NINI

Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia wagonjwa 86 wa kisukari nchini Marekani waliokuwa na vidonda vya mguu. Kundi moja liliwekewa ngozi ya binadamu iliyoondolewa seli. Kundi la pili lilipewa matibabu ya kawaida yaliyo bora: kuondoa nyama iliyokufa, bandeji za unyevu, na kuondoa uzito wa mwili juu ya kidonda. Baada ya wiki 12, karibu wagonjwa 70 kati ya kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa wamepona kabisa. Katika kundi la pili walikuwa 46 kati ya kila 100.

Tarakimu hizo zina mafunzo matatu. La kwanza, tishu hii inasaidia. La pili, haimponyi kila mtu, kwa maana 30 kati ya 100 walikuwa bado hawajapona. La tatu ndilo linalomhusu kila mkazi wa kaunti hii: karibu nusu ya wale ambao hawakuwekewa tishu yoyote walipona kwa utunzaji mzuri peke yake. Vitu vilivyowaponya ni maji safi, bandeji, kisu cha daktari, na nidhamu ya kutokanyagia mguu wenye kidonda. Na hata wale waliowekewa tishu walipata utunzaji huo huo kwanza.

UTANDO WA CHUPA, SAMAKI NA SWALI LA DINI

Ngozi ya mtoaji aliyefariki si chanzo pekee. Kila mama aliyejifungua anaijua chupa, ule mfuko wa maji unaopasuka uchungu unapoanza. Utando wa mfuko huo ni mwembamba, wenye nguvu, na usioamsha sana kinga ya mwili. Mwaka 1910 daktari aitwaye Davis, wa Hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani, aliandika kuhusu kuutumia katika upandikizaji wa ngozi. Tangu hapo umetumiwa kufunika majeraha ya moto, na madaktari wa macho huutumia kuziba vidonda vya jicho.

Utando huu unaweza kuandaliwa hata katika nchi isiyo tajiri. Nchini India, Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilianzisha benki ya tishu mwaka 1988. Hukusanya utando kutoka kwa akina mama waliokubali, huukausha, huupiga mionzi ya kuua vijidudu, na kuugawa kwa hospitali. Pale ambapo mama amepimwa na kukubali, kitu ambacho kingetupwa huwa kifuniko cha mtoto aliyeungua.

Wengine hutumia wanyama. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Badylak aligundua katika Chuo Kikuu cha Purdue kwamba utumbo mdogo wa nguruwe ukiondolewa seli huweza kuwa kiunzi. Bidhaa nyingi sokoni bado zinatoka kwa nguruwe au ng'ombe. Nchini Iceland hutumika ngozi ya samaki wa baharini iliyoondolewa seli. Na katika jimbo la Ceará nchini Brazil, madaktari wametibu majeraha ya moto kwa ngozi ya tilapia, samaki anayejulikana vizuri katika meza za Kenya. Ngozi hiyo ilisafishwa na kuuliwa vijidudu maabara kwanza. Ngozi ya samaki kutoka sokoni au ziwani isiwekwe juu ya kidonda cha mtu yeyote. Itamletea maambukizi.

Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuuliza tishu imetoka wapi. Mwislamu ambaye hangependa kitu cha nguruwe, Mhindu ambaye hangependa cha ng'ombe, au mtu yeyote ambaye dhamiri yake haikubali tishu ya binadamu, aseme mapema kabla ya upasuaji. Akitaka kushauriana na imamu, kasisi au mzee wake, apewe nafasi. Daktari anapaswa kumweleza chanzo cha tishu na njia nyingine zilizopo.

IDHINI NA USALAMA

Katika jamii nyingi za Kenya kondo la nyuma huzikwa kwa heshima, na mwili wa marehemu hauguswi bila familia kujua. Sheria haipingani na heshima hiyo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka tishu ya binadamu itolewe kwa idhini, na upandikizaji ufanywe katika kituo kilichoidhinishwa. Inamruhusu mtu mwenye uwezo wa kuandika wosia kuagiza kwamba tishu zake zitumike baada ya kifo chake, ama katika wosia wenyewe, au katika hati iliyotiwa sahihi, au kwa kauli ya mdomo, mbele ya mashahidi wasiopungua 2. Inakataza mtoaji kulipwa ujira. Tishu ni zawadi, si bidhaa ya kuuzwa na mwenye mwili.

Vipimo vya mtoaji navyo si mapambo. Mwaka 2021 nchini Marekani, zaidi ya wagonjwa 100 waliwekewa bidhaa ya mfupa yenye seli hai kutoka kwa mtoaji mmoja. Mtoaji huyo alikuwa na kifua kikuu ambacho hakikugunduliwa. Wengi wa wagonjwa hao waliambukizwa, na baadhi yao walifariki. Mwaka 2023 jambo kama hilo likatokea tena. Bidhaa hizo hazikuwa zimeondolewa seli, lakini funzo linahusu tishu zote za binadamu. Katika nchi kama Kenya, ambako kifua kikuu bado ni ugonjwa wa kawaida, tishu isiyojulikana ilikotoka haifai kuingia mwilini mwa mtu.

Kabla ya kukubali, mgonjwa au jamaa yake aulize maswali matano. Tishu hii ni ya binadamu au ya mnyama gani? Imeidhinishwa kutumika Kenya? Nambari ya pakiti itaandikwa katika faili ya mgonjwa, ili ifuatiliwe kukitokea tatizo? Kidonda kiko safi kiasi cha kuipokea? Na kama haitawekwa, mpango mwingine ni upi? Anayeuza tishu, krimu au sindano za namna hii sokoni, kwenye gari la matangazo au kupitia simu, bila daktari kuona kidonda, aepukwe na aripotiwe katika hospitali au kwa chifu.

KAZI INAYOANZA NYUMBANI

Sasa hatua ambazo kila familia inaweza kuchukua, hata kabla ya daktari kufikiria tishu yoyote.

Mtu akiungua, atolewe penye moto, na sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Barafu isitumike. Pete, bangili na nguo zisizoganda mwilini zivuliwe mapema kabla ya uvimbe. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, unga, yai, majivu, mafuta ya taa na samli visipakwe. Vitu hivyo hufunga joto ndani na kuingiza vijidudu, na daktari hulazimika kuvikwangua, jambo linalomwongezea mgonjwa maumivu.

Kidonda chochote kisafishwe kwa maji safi. Tabia ya kupasua kapsuli ya dawa na kumwaga unga wake juu ya kidonda ikome. Haiponyi, na inafundisha bakteria kuizoea dawa. Aliyekatwa au kudungwa na kitu kichafu aende kuuliza kuhusu sindano ya pepopunda.

Mwenye kisukari akague miguu yake kila jioni, juu, chini na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo au amwombe mtoto amwangalilie. Mguu wa kisukari mara nyingi hauumi hata ukiwa umeoza, kwa sababu mishipa ya fahamu imekufa ganzi. Kutoumwa si dalili ya kupona. Akiona kidonda, lengelenge au weusi, aende kituoni siku hiyo au kesho yake. Asitembee peku, hata ndani ya nyumba. Sukari yake ipimwe. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa vifaa mwaka 2023, vikiwemo vya kupima sukari na shinikizo la damu, nao huzunguka nyumba kwa nyumba.

Aliyeambiwa asikanyagie mguu, asiukanyagie. Hili ndilo agizo linalovunjwa zaidi, na sababu zake zinaeleweka: maji yanatakiwa, ng'ombe wanangoja, watoto wanataka kula. Basi hapo familia na majirani ndio dawa. Anayemchotea maji mwenye kidonda kwa wiki kadhaa huenda amemwokolea mguu.

Kidonda kipimwe kwa rula kila wiki na urefu wake uandikwe. Kidonda cha mguu wa kisukari ambacho hakijapungua kufika nusu ya ukubwa wake kwa wiki 4 za utunzaji mzuri kinahitaji kuangaliwa upya hospitalini. Hapo ndipo maswali ya mishipa ya damu, maambukizi ya mfupa, na pengine kiunzi cha tishu, huulizwa kwa wakati. Harufu mbaya, usaha, wekundu unaopanda, homa au kidole kinachogeuka cheusi havingoji wiki 4. Ni dharura ya siku hiyo.

Ili njia ya rufaa isikwamie kwenye malipo, kila mkazi ajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, akiwa bado mzima. Aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, apewe barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti ndogo au ya rufaa ya kaunti, na aitunze kadi yake yenye historia ya kidonda.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiunzi cha tishu ni ukuta uliojengwa kwa ujuzi mkubwa, kwa gharama kubwa, na kwa zawadi ya mtu mwingine. Wapo watakaouhitaji, na wanastahili kuupata wakiwa na kidonda safi kinachoweza kuupokea. Walio wengi zaidi ni wale ambao ufa wao bado unaweza kuzibwa wiki hii, kwa maji, bandeji na safari moja ya mapema hadi zahanati. Mwenye kidonda kilichofichwa chini ya soksi au leso asingoje baraza lijalo.